Kiwanda Hufungwa, Sumu Hubaki

Jinsi udongo na maji ya ardhini yanavyochafuka, na namna ya kuyasafisha

Mara nyingi tunapozungumza kuhusu magonjwa ya mazingira tunataja mbu, choo na maji machafu. Wiki hii tutajifunza kuhusu hatari nyingine, ile inayotoka katika udongo wa mahali ambapo zamani palikuwa na kazi ya viwandani. Huenda palikuwa na kiwanda, gereji, kituo cha petroli, karakana ya kuyeyusha betri au josho la ng'ombe. Kazi ilikwisha, mashine zikauzwa, mabati yakang'olewa na nyasi zikaota. Anayepita hapo leo huona uwanja mtupu. Lakini udongo hausahau upesi.

Jambo hili latuhusu sana sisi tunaoishi Kisii na Nyamira kwa kuwa ardhi yetu ni haba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika vilima ambavyo havipanuki. Kwetu hakuna uwanja unaoachwa bure. Mahali palipofungwa hugawanywa ploti, hupandwa sukuma wiki, hujengwa nyumba za kupangisha au hata shule ya chekechea. Hivyo yafaa tujue cha kufanya kabla ya kushika jembe.

SUMU ZENYEWE NI ZIPI?

Tuzigawe katika makundi matatu, maana kila kundi lina tabia yake na dawa yake.

Kundi la kwanza ni madini mazito. Linalojulikana zaidi ni madini ya risasi, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari. Mengine ni aseniki, zebaki na kromu. Madini hayaozi, hayachomeki na hayachakai. Risasi iliyomwagika mwaka 1970 ingali risasi hata leo.

Kundi la pili ni mafuta: petroli, dizeli na oili chafu ya gereji. Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzini, ambayo huharibu uboho wa mifupa na huweza kuleta saratani ya damu. Isitoshe, petroli iliyouzwa humu nchini kwa miaka mingi ilitiwa risasi, hadi ilipokomeshwa kufikia mwaka 2006. Tangi la zamani lililovuja chini ya ardhi laweza kuwa liliacha sumu mbili kwa pamoja.

Kundi la tatu ni dawa za kuua wadudu. Wazee wetu wanayakumbuka majosho ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, dawa kuu ya josho ilikuwa aseniki. Kupe walipoizoea, zikaja dawa za jamii ya DDT, kama vile toksafini, ambazo hukaa udongoni miongo mingi. Baadaye zikafuata dawa nyingine zinazoharibika upesi zaidi. Josho lilipojaa matope, matope hayo yalichotwa na kutupwa pembeni. Majosho mengi yalikufa wafugaji walipoanza kutumia pampu za mkono na kufugia ng'ombe zizini. Lile tuta la matope lililoota majani kando ya josho ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa huko ndiko aseniki ya zamani iliporundikwa.

SUMU HUINGIAJE MWILINI?

Watu wengi hudhani kwamba sumu ya udongo humdhuru tu anayeishika. La hasha. Ngozi nzima huzuia madini mengi. Njia kuu ni mdomo na pua.

Mtoto anayetambaa hushika udongo kisha hunyonya vidole. Kila siku humeza vumbi kidogo bila mama kuona. Zaidi ya hayo, utumbo wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko utumbo wa mtu mzima. Mama mjamzito anayekula udongo, au anayetafuna odowa bila kujua ilikochimbwa, hujipa sumu yeye na mtoto aliye tumboni. Fundi wa betri huileta nyumbani katika nguo na viatu vyake. Mboga hubeba udongo juu ya majani, na nyingine hufyonza sumu kwa mizizi.

Risasi ikishaingia damuni, nusu yake hutoka kwa muda wa kama mwezi mmoja, lakini sehemu kubwa huhamia mifupani na kukaa humo miaka mingi. Mwanamke anapopata mimba au kunyonyesha, mifupa yake huachilia kalsiamu, na risasi huandamana nayo. Hivyo sumu aliyoivuta msichana humfikia mwanawe.

MAJI HUTEREMKA, NA SUMU NAYO

Tuangalie vilima vyetu. Mvua ya Gusii ni nyingi. Sehemu yake hutiririka juu hadi mtoni, na sehemu nyingine huzama udongoni hadi ikutane na mwamba au tabaka gumu. Hapo hujaa na kuanza kusafiri polepole kuteremka, mpaka itokeze bondeni kama chemichemi. Chemichemi unayochotea maji asubuhi ni mvua iliyonyesha juu ya ploti za majirani walio mlimani.

Udongo wetu mwekundu una bahati moja. Una ufinyanzi na kutu ya chuma kwa wingi, vitu ambavyo hushika risasi kwa nguvu. Kwa sababu hiyo risasi mara nyingi hubaki katika tabaka la juu, ambako huwadhuru watoto wanaocheza. Aseniki husafiri kwa urahisi zaidi, hasa udongo unapokaa na maji muda mrefu. Petroli huzama hadi ifike kwenye maji ya ardhini, kisha huelea juu yake na kusambaa kama mafuta juu ya mchuzi. Kemikali za kusafishia mashine na za kufulia nguo bila maji ni nzito kuliko maji, nazo huzama hadi chini kabisa, mahali pagumu kufikiwa.

Hapa naomba uwe makini, msomaji. Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi risasi wala aseniki. Kwa kweli maji yakipungua kwa mvuke, madini yaliyobaki huwa mengi zaidi katika kila kikombe. Dawa ya klorini nayo huua viini tu. Maji yanaweza kuwa maangavu, matamu na yamechemshwa, na bado yakawa na aseniki.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 10 kwa lita kwa aseniki, na vivyo hivyo kwa risasi. Ili uone udogo wake, fikiria gramu moja ya aseniki, ambayo kama ingekuwa chumvi isingejaza robo ya kijiko cha chai. Gramu hiyo yatosha kufikisha kiwango hicho katika lita 100,000 za maji, yaani matangi kumi ya lita 10,000. Jicho na ulimi haviwezi kugundua kitu kidogo namna hiyo. Ni maabara pekee inayoweza.

KUSAFISHA: HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza ni kuzuia. Ikiwa tangi lingali linavuja au kuna mapipa yenye dawa, kwanza viondolewe. Hupigi deki huku mfereji ungali wazi.

Hatua ya pili ni kupima. Wataalamu hugawanya uwanja katika miraba, huchukua udongo wa juu na wa chini katika kila mraba, na huchimba visima vidogo vya kupimia maji, kimoja upande wa juu na vingine upande wa chini wa uwanja. Kisima cha juu huonyesha maji yalivyo kabla ya kufika hapo. Tofauti ya visima hivyo ndiyo ushahidi. Maabara ya Mkemia wa Serikali, ambayo ina tawi Kisumu, hupima vitu vya aina hii.

Hatua ya tatu ni kuchagua njia. Zipo nyingi, nazo si sawa kwa kila sumu.

Kuchimba na kuhamisha. Udongo mchafu huondolewa na kupelekwa kwenye shimo maalumu lililotandikwa ufinyanzi na plastiki nzito ili lisivuje, kisha udongo safi huletwa. Ni njia ya hakika kwa madini, lakini ina gharama. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100. Ukiondoa sentimita 30 tu za juu, utapata karibu tani 200 za udongo. Lori la tani saba litakwenda safari zaidi ya ishirini na tano. Jihadhari pia na mwenye lori. Akiumwaga udongo huo kando ya mto Gucha, au akiuza wa kufukia barabara ya kijiji kingine, sumu itakuwa imehama tu na kupata watu wapya wa kudhuru.

Kufunika. Udongo mchafu huachwa mahali pake, hufunikwa kwa tabaka nene la udongo safi na nyasi, au kwa saruji. Mtoto hafikii vumbi na mvua haipenyi kwa urahisi. Sharti moja ni kwamba kifuniko kitunzwe na pasichimbwe choo wala msingi miaka ijayo. Kwa hiyo lazima habari hiyo iandikwe katika kumbukumbu za ardhi, isiachiwe kichwa cha mzee mmoja.

Kufunga sumu udongoni. Fosfeti ikichanganywa na udongo wenye risasi hufanya kitu kigumu kisichoyeyuka kwa urahisi majini wala tumboni. Hata hivyo, fosfeti hiyo hiyo huweza kuifungua aseniki na kuifanya isafiri. Ndiyo sababu mtu asimwage mbolea ovyo kwenye josho la zamani akidhani anatibu.

Kuwatumia wadudu wadogo wa udongo. Mafuta yana bahati ya kuliwa na bakteria. Udongo uliomwagiwa dizeli hutandazwa juu ya plastiki, huchanganywa na samadi, hunyunyizwa maji na hugeuzwa mara kwa mara ili upate hewa. Baada ya miezi kadhaa mafuta hupungua sana. Mkulima anayejua kutengeneza mboji ataelewa kazi hii mara moja. Bakteria hao, hata hivyo, hawawezi kula risasi.

Kupanda mimea. Baadhi ya mimea hufyonza madini. Kuna aina ya kangaga inayovuta aseniki kwa wingi. Lakini kazi hii huchukua miaka mingi, na mimea hiyo haifai kuliwa, kulishwa ng'ombe wala kuchomwa, maana moshi hurudisha sumu hewani.

Kusafisha maji ya ardhini. Maji huvutwa kwa pampu, hupitishwa katika makaa maalumu au vichujio, kisha hurudishwa. Mahali pengine huchimbwa handaki mbele ya maji yanayosafiri, likajazwa unga wa chuma ambao hunasa sumu maji yanapopita. Kazi hii huweza kuchukua miongo. Ni nafuu mara nyingi kulinda chemichemi kuliko kuitibu.

Hatua ya nne, ambayo husahauliwa mara nyingi, ni kupima tena. Bila karatasi ya maabara ya baada ya kazi, usikubali kuambiwa kwamba pamesafishwa.

MAFUNZO KUTOKA KWINGINE

Mfano ulio wazi zaidi humu nchini ni mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya nyumba za watu mwaka 2007. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaanza kampeni iliyomfanya atunukiwe tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji yasafishwe kwa miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa iliifuta fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Hebu tuhesabu. Tangu kiwanda kufungwa hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa akitambaa siku kiwanda kilipofungwa alikuwa darasani kwa miaka kadhaa uamuzi ulipotolewa. Ubongo hauwezi kungoja mahakama. Ndiyo maana hatua ndogo za nyumbani, nitakazoeleza hapa chini, zina thamani kubwa.

Mfano wa pili ni jimbo la Zamfara, Nigeria. Mwaka 2010 wanavijiji waliosaga mawe ya dhahabu yenye risasi walipoteza watoto zaidi ya 400. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walifika na dawa, lakini waligundua kwamba kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye ua wenye sumu ni kazi bure. Hivyo kijiji kilisafishwa kwanza. Wanavijiji wenyewe, kwa majembe na magunia, waliondoa udongo wa juu katika nyua zao, wakauzika katika mashimo maalumu na kutandaza udongo safi. Kijiji cha Bagega kilisubiri hadi mwaka 2013. Funzo la kidaktari ni kwamba usafi wa udongo ni sehemu ya matibabu.

KABLA YA KUNUNUA PLOTI

Usitosheke na hati ya kumiliki. Waendee majirani wa miaka mingi uwaulize kwa heshima: "Mzee, hapa palikuwa na nini zamani?" Tazama udongo wenye rangi au harufu ya mafuta, mahali pasipoota majani, vipande vya betri, mapipa yenye kutu, bomba za tangi zinazochomoza. Ukiona dalili hizo, lipia kipimo cha udongo kabla ya kulipia ploti. Kipimo kimoja ni bei ndogo kuliko msingi wa nyumba.

IKIWA TAYARI UNAISHI HAPO

1. Funika udongo mtupu wa uani kwa nyasi, changarawe au saruji, kuanzia pale watoto wanapocheza.

2. Acheni viatu mlangoni. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hurusha vumbi.

3. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala.

4. Panda mboga katika magunia au matuta ya udongo ulioletwa kutoka mahali salama. Osha mboga za majani vizuri na menya viazi.

5. Fundi abadilishe nguo kazini, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

6. Usiyeyushe betri nyumbani. Usimwage oili chafu shimoni wala chooni.

7. Usile udongo, na hasa usimpe mjamzito udongo usioujua.

8. Walishe watoto vizuri. Mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Uji wa wimbi, omena inayoliwa na mifupa yake, maziwa, maharagwe, chinsaga na rinagu ni chakula chetu cha kila siku, navyo husaidia. Chakula hakitoi sumu, lakini huipunguzia njia.

DALILI, NA WAKATI WA KUMWONA DAKTARI

Sumu ya risasi hujificha nyuma ya magonjwa tuliyoyazoea. Mtoto huumwa tumbo, hufunga choo, hukosa damu, hukasirika bure, na masomo humshinda. Wazazi husema ni minyoo, amiba au malaria. Ikizidi, hutapika, hupatwa na degedege na kupoteza fahamu. Hapo kimbiza mtoto hospitalini bila kuchelewa. Aseniki hufanya madoa ya ngozi, viganja na nyayo hukauka na kuwa na sugu, na baada ya miaka huweza kuleta saratani ya ngozi, kibofu au mapafu.

Ukienda kwa daktari, mwambie unapoishi na kazi unayofanya. Maneno mawili, "kuyeyusha betri" au "josho la zamani", yaweza kubadilisha uchunguzi wote. Kipimo cha damu ndicho huthibitisha. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kulingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, mikrogramu 5 kwa desilita ya damu zatosha kumfanya daktari atafute sumu inakotoka na kuikomesha. Mtoto wa miaka kumi au chini mwenye 45 au zaidi huhitaji dawa ya kuitoa, tena chini ya uangalizi. Usinunue dawa za "kusafisha damu" sokoni. Na mama, usiache kunyonyesha kwa hofu kabla ya kupata ushauri.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, mamlaka ya NEMA yaweza kumwamuru aliyechafua mahali aparudishe katika hali nzuri kwa gharama yake. Andikeni barua kama kikundi, mkiambatanisha picha, tarehe na matokeo ya maabara, nanyi mbaki na nakala. Afisa wa afya ya umma wa wadi yenu naye apewe moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi aseniki?

2. Ni sumu gani huweza kuliwa na bakteria, na ni ipi haiwezi?

3. Je, chemichemi unayotumia hupata maji yake kutoka ploti za nani, na huko juu palikuwa na kazi gani zamani?

Majibu ya maswali mawili ya kwanza yamo katika somo hili. La tatu utalijibu mwenyewe kwa kupanda kilima chenu na kuwauliza wazee. Fanya hivyo kabla mvua za masika hazijaanza.